Maua halisi kwa harusi ya Mbeya: tathmini ya mpambaji tuliyemtumia

Mpambaji anayestahili kukabidhiwa fedha za kamati ya harusi hapa Mbeya ni yule anayeweza kukueleza, kabla hamjafika kwenye rangi, kila ua litatoka wapi, litakatwa lini na litakaa majini kwa muda gani kabla bibi harusi hajalishika. Kwa kipimo hicho, mpambaji tuliyempa harusi ya mdogo wetu, iliyofungwa Jumamosi moja baada ya Pasaka, nampa alama za juu kwa kanisani na kwa mashada, alama za wastani kwa ukumbini, na alama ndogo kwa namna alivyoshughulikia vyombo na hesabu baada ya sherehe. Jina lake siliandiki, kwa kuwa ni mama anayefanyia kazi nyumbani kwake na hakuniomba nimtangaze. Nitaieleza kazi yenyewe kwa undani, ili kamati nyingine zijue cha kudai.

Makadirio yaliletwa na wapambaji watatu. Wa kwanza alikuja na simu iliyojaa picha, na kila picha aliyooneshwa na mabinti wa kamati aliikubali palepale, ikiwemo ya shada la peoni. Peoni ni ua la nchi zenye majira ya baridi kali, na mmea wake hauchanui vizuri usipopata wiki nyingi za baridi hiyo; anayeahidi peoni mbichi kwa bei ya kawaida ya soko la Mwanjelwa ama hajui anachokiahidi, ama ana maua ya kitambaa akilini na hasemi. Wa pili alikuwa na maua ya bandia matupu, na alisema hivyo bila kuficha. Huyo nilimheshimu, na nitarudi kwake, kwa sababu kamati nyingi huyadharau maua ya bandia hadharani na kuyalipia kimyakimya.

Wa tatu, ambaye ndiye tuliyemchagua, hakuonesha picha yoyote katika kikao cha kwanza. Aliuliza ibada ni ya saa ngapi, kanisa lina dari la urefu gani, madirisha yanapigwa na jua la asubuhi au la jioni, gauni ni jeupe kabisa au la rangi ya krimu, na bibi harusi ana kimo gani. Swali la kimo liliwachekesha watu, lakini lina maana: shada pana linalompendeza dada mrefu humfunika dada mfupi kuanzia kiuno hadi kidevu, na picha zote za siku hiyo hubaki na maua yanayotembea. Kisha akatuagiza tukamwulize katekista, kabla ya kuandikiana chochote, ni wapi kanisani maua yanaruhusiwa kuwekwa na kama gundi au misumari inakubaliwa kwenye mabenchi. Alitukumbusha pia jambo ambalo baadhi yetu, ingawa ni Wakatoliki wa kuzaliwa, hatukuwa tumelifikiria: katika Kwaresima altare haipambwi kwa maua, isipokuwa Dominika ya nne inayoitwa Laetare, pamoja na sherehe na sikukuu zinazoangukia katika kipindi hicho. Kwa sababu hiyo harusi nyingi husubiri Pasaka ipite, kisha zote hutaka mawaridi meupe kwa wakati mmoja, na bei hupanda. Tulichagua Jumamosi ambayo si ya kwanza baada ya Pasaka kwa ushauri wake, na nadhani ushauri huo peke yake ulirudisha sehemu nzuri ya ada yake.

Suala la maua yatoke wapi ndilo lililonishawishi zaidi. Mawaridi ya kibiashara ya Tanzania hulimwa hasa kaskazini, katika mashamba ya chini ya milima ya Meru na Kilimanjaro, na yale tunayoyaona Mbeya mara nyingi yamesafiri ndani ya maboksi kwenye mabasi, safari ya karibu kilomita elfu moja kupitia Dodoma na Iringa. Yanafika yakiwa na kiu. Mpambaji wetu alipoyapokea hakuyapeleka ukumbini yalivyo. Aliondoa majani yote ambayo yangezama majini, akakata ncha za mabua upya kwa mshazari, sentimita mbili tatu hivi, kwa sababu ncha iliyokaa nje ya maji hunyonya hewa na njia ya maji huziba, kisha akayasimamisha katika ndoo safi zenye maji mengi, ndani ya chumba chenye giza, usiku kucha. Dar es Salaam kazi hiyo hudai chumba cha ubaridi. Mbeya ipo mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Aprili chumba cha kawaida kilichofunguliwa madirisha kinatosha kabisa. Hiyo ni faida ambayo hatuilipii umeme, na ajabu ni kwamba wauzaji wengi hawaitumii: wanaacha ndoo zao barazani, juani, hadi mteja atakapotokea.

Ndani ya maji aliweka sukari kidogo, maji ya limau na matone machache ya jiki. Sukari hulilisha ua, limau huyapa maji uchachu unaoyasaidia kupanda kwenye bua, na jiki huwazuia bakteria ambao nao wangeifurahia sukari hiyohiyo. Asiyeweka dawa ya kuua bakteria ni heri asiweke sukari kabisa.

Kuhusu bei ya mawaridi alitupa somo ambalo lilipunguza makadirio yake mwenyewe, jambo ambalo si la kawaida katika biashara. Mawaridi hupangwa madaraja kwa urefu wa bua, na kadiri bua linavyorefuka ndivyo bei inavyopanda. Kamati ilikuwa imeandika mawaridi marefu kwa kila meza. Akauliza kwa nini tulipie sentimita 60 za bua ili yeye akate na kubakiza 15 za kuingia kwenye chupa. Tukaagiza mabua marefu kwa ajili ya vyombo viwili vikubwa vya kanisani tu, na mafupi kwa meza zote za wageni.

Yaliyobaki yalitoka karibu. Haidrenjia zilitoka upande wa Tukuyu, kama kilomita 70 kutoka mjini, na hapo ndipo ubishi wa rangi ulipozuka, maana bibi harusi alitaka za waridi na picha alikuwa nayo. Mpambaji alieleza kwamba rangi ya haidrenjia nyingi hufuata udongo: palipo na tindikali, mmea hunyonya alumini na maua huelekea kwenye bluu, pasipo na tindikali huelekea kwenye waridi. Rungwe, wilaya ulipo mji wa Tukuyu, inastawisha chai, na chai hupenda udongo wa tindikali, kwa hiyo haidrenjia za kule huja na bluu yake bila kuulizwa. Nyeupe ndizo hazibadiliki kwa udongo. Tulichukua nyeupe, tukaongeza bluu kidogo kwenye vyombo vya kanisani, na sijasikia mgeni yeyote aliyeulizia waridi. Kama mpambaji angekuwa mtu wa kukubali kila kitu, tungeletewa za bluu asubuhi ya harusi na maelezo marefu.

Kala lili, lile ua jeupe lenye umbo la faneli linalopenda sehemu zenye unyevu, lilikuwepo kwa wingi kwa sababu mvua zilikuwa hazijakatika, na dalia vilevile. Majani ya kujazia yalikuwa ya mikaratusi na mikangaga, ambayo Nyanda za Juu Kusini hatuna sababu ya kuyanunua kwa bei ya ua. Mvua nayo ina gharama zake. Ua lililokatwa likiwa limelowa na kufungiwa kwenye boksi huota ukungu wa kijivu na kuoza kuanzia katikati, na petali nyeupe iliyopigwa na matone makubwa hubaki na madoa. Mpambaji alikuwa amepatana na wakulima wake wakate jioni, mvua ikiwa imepumzika, wakung'ute maji, na wasifunike kwa nailoni. Niliona baadhi ya kala lili zikikataliwa mlangoni kwake kwa sababu ya madoa, na aliyezileta hakubisha, ishara kwamba si mara ya kwanza.

Mjumbe mmoja wa kamati, kwa nia njema, alipendekeza tutume kijana Kitulo akaokote okidi, kwa kuwa ndio msimu wake na zipo bure. Mpambaji alikataa kabla mwenyekiti hajafungua mdomo. Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na kuchuma maua mle ni kosa. Okidi za nyanda zile zina mashaka ya kutosha kutokana na viazi vyake kuchimbwa na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hutengenezwa chakula kinachoitwa chikanda. Nilifurahi kwamba jibu lilitoka kwake, kwa sababu sisi wanakamati tungetafuta namna ya kumridhisha mjumbe huyo.

Jambo jingine linalotenganisha mpambaji anayejua na anayebahatisha ni matunda. Ndizi na maparachichi yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huyazeesha maua. Karnesheni huathirika vibaya zaidi: petali hujikunja kwa ndani na ua halifunguki tena hata ulipe maji gani. Katika masoko yetu, ambako lori la ndizi za Rungwe hushusha mzigo hatua chache kutoka kwa muuza maua, karnesheni ya bei nafuu inaweza kuwa imekwisha kufa kabla hujaitoa noti mfukoni. Mpambaji wetu alikuwa na kanuni kwamba gari linalobeba maua halibebi ndizi, na alitusihi tusimwazime pikapu ya mjomba, ambayo ilikuwa na kazi ya kuleta vyakula. Kamati iliona anajidai. Mimi niliona ndiyo sababu ya kumlipa.

Siku yenyewe kanisani hakukuwa na dosari ninayoweza kuitaja. Mabenchi yalifungwa maua kwa utepe, bila gundi, vyombo viwili vikubwa vilisimama pembeni bila kumzuia padre wala kuficha altare, na maua yale yalibaki kanisani kwa ajili ya misa za Jumapili. Hilo lilikuwa limekubaliwa mapema, maana kuna kamati ambazo huyafuata maua mbiombio baada ya ibada ili yahamishiwe ukumbini, mpambaji akabaki akigombana na mtunza kanisa mbele ya wageni.

Shada la bibi harusi lilikuwa la kala lili na mawaridi meupe, jembamba, limefungwa utepe mzito kwenye mabua yote. Utepe ule si wa urembo tu. Utomvu wa kala lili huwasha ngozi, na bibi harusi aliyelishika shada kwa saa nne bila utepe angetumia sherehe yake kujikuna viganja. Maua ya kifuani kwa bwana harusi na msimamizi wake yalitengenezwa asubuhi ileile, na mpambaji alileta mawili ya ziada, kwa sababu kila harusi ina shangazi anayemkumbatia bwana harusi kwa nguvu kupita kiasi. Kwenye meza ya matroni kulikuwa na lili kubwa zenye harufu, nazo alizitoa vichwa vyote vya chavua kabla havijapasuka. Chavua ya lili ikigusa gauni jeupe isifutwe kwa maji wala kwa kidole. Huinuliwa taratibu kwa utepe wa gundi. Alimwachia matroni kipande cha utepe huo ndani ya mkoba. Hakikutumika.

Kwa keki alikuwa mkali. Mwokaji alitaka kuipamba kwa haidrenjia zilezile ili rangi zifanane, naye akakataa kwa kuwa haidrenjia zina sumu, na kala lili pia. Mawaridi si sumu, lakini yaliyolimwa kwa ajili ya kuuzwa kama maua hupuliziwa dawa ambazo hazikukusudiwa kuliwa. Wakakubaliana kwamba mawaridi yazungushwe kwenye sahani ya chini, yasiguse keki yenyewe.

Ukumbini ndiko kulikopwaya. Maua ya meza za wageni yalikuwa marefu kwa kiasi cha kumficha mtu aliyeketi ng'ambo, na kabla chakula hakijaandaliwa wageni wa meza kadhaa walikuwa wameyashusha sakafuni. Kipimo chake ni rahisi na yeye alikijua: ua la mezani liwe chini ya kidevu cha mtu aliyekaa, au liinuliwe juu kabisa ya vichwa kwa kinara chembamba. Kilichotokea ni kwamba msaidizi wake aliyatengeneza akiwa amesimama, na hakuna aliyeketi kuyaangalia. La pili ni sponji ya kijani inayoshikilia mabua. Sponji hiyo huachwa ielee juu ya maji hadi izame yenyewe. Ukiikandamiza, nje hulowa na katikati hubaki kavu. Kwenye meza kuu nadhani ilikandamizwa kwa haraka, kwa sababu haidrenjia za upande uliopigwa na taa za mpiga picha zilianza kuinama kabla MC hajaita keki. Haidrenjia iliyolegea huweza kufufuka ikizamishwa kichwa kizima majini, lakini huwezi kufanya hivyo mbele ya wageni na bwana harusi akiwa amekaa hapo. Siku hizi wapo wapambaji wanaotumia waya wa kuku uliokunjwa ndani ya chombo chenye maji, na ningependa na yeye ahamie huko, kwa kuwa maua hunywa maji yenyewe, na sponji ile ni plastiki isiyooza inayoishia kwenye jalala letu.

Hapo ndipo ninapomrudia yule mpambaji wa maua ya bandia. Pazia la nyuma ya meza kuu na tao la mlangoni, vitu ambavyo hakuna mgeni anayevigusa na vinavyoonekana usiku chini ya taa za rangi, vingeweza kufanywa na yeye kwa gharama ndogo na visinyauke. Tulitumia maua halisi kila mahali kwa sababu ya fahari, na sehemu ya fahari hiyo haikuonekana hata kwenye video. Kwa harusi nyingine ya ukoo nitapendekeza maua halisi kwa kanisa, mashada na meza za wageni, na ya bandia kwa chochote kilicho juu ya urefu wa mkono.

Malipo yalikuwa nusu wakati wa kuandikiana na nusu wiki moja kabla ya harusi, na hakukubali kusubiri michango. Katibu wa fedha alikasirika, kwa kuwa kadi zilikuwa bado mikononi mwa watu na ahadi nyingi zilikuwa za mwisho wa mwezi. Nilimtetea mpambaji: mkulima wa Tukuyu na msafirishaji wa mawaridi hulipwa taslimu, na ahadi ya mjomba aliyeko Tunduma haimfai mtu anayesubiri boksi stendi. Sikumtetea kuhusu vyombo. Baada ya sherehe alidai fidia ya chupa za kioo ambazo hazikurudi, na kweli wageni wa Mbeya hubeba maua ya mezani pamoja na chombo chake bila kuona haya. Lakini hakukuwa na orodha ya vyombo iliyosainiwa wakati wa kuvileta, na hakuna aliyejua vilikuwa vingapi. Tulilipa sehemu, baada ya simu nyingi zisizopendeza, na stakabadhi ya malipo hayo ilibidi idaiwe. Anayemtumia aandikishe vyombo vyote mlangoni mwa ukumbi na kumkabidhi mtu mmoja wa kamati asiyecheza muziki.

Kwa wanaopanga harusi ya Juni au Julai, wasitarajie orodha ya maua niliyoieleza hapa. Kala lili na dalia za bustanini huwa zimepungua, baridi ya Makete na Njombe huweza kuunguza vichipukizi kwa usiku mmoja, na mtategemea zaidi mawaridi ya kaskazini, krisanthemamu na majani ya mikaratusi, ambayo hayajali baridi. Kwa Agosti na Septemba, upepo mkavu wa alasiri hukausha haidrenjia upesi, kwa hiyo sherehe ya nje ni afadhali izikwepe. Mpambaji huyu hupokea harusi moja tu kwa Jumamosi moja, na Jumamosi za baada ya Pasaka na za Desemba huwahiwa mapema, wakati mwingine kabla hata mahari haijakamilika. Mwenye tarehe aende na jina la kanisa, saa ya ibada na kipande cha kitambaa cha gauni, maana bila hivyo atarudishwa nyumbani kuvifuata.